Mita 35 za Uani

Kazi ya ukalimani wa simu inataka chumba kinachofungwa mlango na mtandao usiokatika. Chumba nilikuwa nacho, banda la uani. Mtandao nao ulikuwepo, ila ulikuwa sebuleni, nyumba kubwa. Kati ya sebule na banda kulikuwa na mita 35, na mita hizo zilikaribia kunikatia riziki, yangu na ya watu sita wanaonitegemea. Nimeombwa niseme tulivyovuka. Nitasema yote, ya moyoni na ya waya na mawimbi pia, kwa sababu najua wako wengi waliokaa kwenye mabanda ya uani wakihangaika na jambo hilihili, huku wakiambiwa kila siku wanunue kifurushi kikubwa zaidi.

Kazi yenyewe hata hapa Tanga wengi hawajui kuwa ipo. Marekani ilipokea kwa miaka mingi wakimbizi wa Kongo, baadhi yao wakitokea kambi za Kigoma, Nyarugusu ikiwemo. Familia hizo leo ziko Louisville, Dallas, Boise na kwingineko, na wazee wao wanazungumza Kiswahili cha Uvira, Fizi na Bukavu, Kiingereza hawana. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inaikataza taasisi inayopokea fedha za serikali ya Marekani kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa msingi huo hospitali inawajibika kumpatia mgonjwa mkalimani. Basi daktari anapiga simu, kampuni inatafuta mkalimani aliye tayari wakati ule, na simu inaingia kwenye kompyuta yangu Chumbageni. Mgonjwa anaeleza maumivu yake, nayafikisha. Daktari anaeleza dawa, naufikisha ujumbe wake. Nikiwa kazini nasema "mimi" kwa niaba ya kila mmoja wao, ndivyo kanuni inavyotaka, na simu ikiisha nachana karatasi niliyoandikia.

Saa mbili asubuhi ya New York kwetu ni saa kumi jioni wakati wa baridi yao, na saa tisa alasiri wakati wa kiangazi chao. Kwa hiyo kazi inaanza alasiri na inanifikisha usiku wa manane.

Niliingia humo kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 2022 mume wangu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito; maneno aliyajua, hayakutoka. Alikuwa dereva wa basi la Tanga na Dar es Salaam, mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza katika sekondari ya binafsi. Mshahara wake ukakoma. Wangu haukutosha, kisha nao nikauacha, maana mgonjwa wa kiharusi anahitaji mtu mchana: kuogeshwa, kugeuzwa asipate vidonda, kupelekwa mazoezi ya viungo hospitali ya Bombo. Mama mkwe alikuwa na nguvu za kumlisha mwanawe, za kumnyanyua hakuwa nazo. Tuliuza bajaji, tukauza na kiwanja cha Pongwe ambacho tulikuwa hata hatujakipima. Ndipo rafiki niliyesoma naye chuo akanielekeza kwenye ukalimani. Nikafanya mtihani wao wa lugha zote mbili, nikafaulu, na mwanzoni mwa 2023 nikapewa mkataba. Kazi ya usiku ilikuwa rehema kwetu. Mgonjwa analala, watoto wanalala, mimi naingia kazini.

Ila si sebuleni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inalinda siri za mgonjwa, na mkataba wangu unasema wazi kuwa hakuna sikio jingine linaloruhusiwa kuwa karibu. Nyumba yenye mama mkwe, watoto wanne, televisheni, na wageni wanaokuja kumjulia hali mgonjwa hadi saa tatu usiku haiwezi kutimiza sharti hilo. Banda lililojengwa na marehemu baba mkwe lina vyumba viwili. Kimoja anakaa mpangaji, cha pili kilikuwa stoo ya nazi na baiskeli mbovu. Nikaisafisha stoo, nikaweka meza, nikatundika khanga nzito ukutani zizuie mwangwi.

Tangu juma la kwanza sauti zikaanza kukatika. Sitasema lolote lililosemwa kwenye simu hizo. Nasema inavyokuwa tu: mtu yuko katikati ya kueleza anapoumia, sauti inageuka mikwaruzo, kisha kimya. Daktari anauliza kama mkalimani bado yupo. Upo, unaita, hawakusikii. Unajua kuwa upande wa pili kuna binadamu aliyekwishaanza kusema jambo ambalo huenda lilimchukua muda mrefu kulipatia ujasiri, na sasa atalazimika kuanza upya kwa mkalimani mwingine asiyemjua. Hilo liliniumiza kuliko fedha. Lakini fedha nazo zilikuwa zikipotea, kwa sababu tunalipwa kwa dakika na kampuni inahesabu kila simu iliyokatika. Nikapokea onyo kwa lugha ya upole, kisha jingine lisilokuwa na upole. Usiku mwingine nilifunga kompyuta nikakaa gizani nikilia, nikajifuta uso, ndipo nikavuka uani kwenda kumgeuza mume wangu.

Dukani walinishauri niongeze kasi. Waliotuletea intaneti ya faiba nao wakasema hivyohivyo, nikalipia megabiti zaidi, na banda likabaki vilevile. Hapa naomba nisikilizwe, maana fedha za watu wengi wenye shida zinapotelea hapa. Sauti ya simu ya intaneti inatumia takribani kilobiti 100 kwa sekunde. Laini ya megabiti 20, kwa hesabu tupu ya kasi, ingebeba simu 200 kwa wakati mmoja. Kasi haikuwa shida yangu hata kidogo. Kinachoiua sauti ni pakiti zinazopotea njiani na zile zinazofika zimechelewa. Sauti hukatwa vipande vidogo sana, kwa kawaida vya milisekunde 20, na kila kipande, ndiyo pakiti, husafiri peke yake. Picha au ukurasa wa gazeti ukikosa kipande, kompyuta huomba kitumwe tena na msomaji hajui lolote. Sauti haina nafasi hiyo. Kipande kilichochelewa kinatupwa, na wewe unasikia shimo.

Aliyenifumbua macho ni kijana niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza, ambaye siku hizo alikuwa akisoma umeme chuo cha ufundi. Alikuja kumwona mgonjwa.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Baada ya kumjulia hali mume wangu nilimweleza shida ya bandani. Hakuniuzia kitu wala hakugusa ruta. Aliweka kwenye simu yangu programu ya bure ya kupima nguvu ya waifai, akasimama. "Tutembee, madam."

Tukatembea. Namba za programu ile zina alama ya kutoa mbele yake, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo wimbi lilivyo na nguvu. Sebuleni, hatua chache kutoka kwenye ruta, tulisoma -42. Mlango wa nyuma, -61. Tulipolipita tangi la maji, simtanki, ikashuka hadi -79. Mezani kwangu, mlango wa stoo umefungwa, -88. Namba ikishuka kwa 10, nguvu imebaki sehemu ya kumi; kwa hiyo mezani kwangu ilikuwa ikifika karibu sehemu moja ya 40,000 ya ile ya sebuleni. Kwa simu ya sauti mafundi hutaka isishuke chini ya -67. Niliitazama -88 ile nikasikia kitu kama faraja. Kwa miezi nilikuwa nikidhani nina mkosi. Sasa shida ilikuwa na namba, na namba hubadilishwa.

Akanieleza sababu moja baada ya nyingine, akizionyesha kwa kidole. Umbali wenyewe kwanza: ukiuongeza mara mbili, nguvu inabaki robo, hata kama njiani hakuna kizuizi chochote. Kisha ukuta wa matofali ya saruji wa sebule, halafu ukuta wa stoo. Dirisha la stoo lilikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia mbu, na chuma hurudisha wimbi lilikotoka. Paa la bati linafanya hivyohivyo. Ila mkubwa wao alikuwa simtanki, lita 2,000 za maji zilizosimama juu ya jukwaa katikati ya njia. Waifai ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na oveni za maikrowevu hupasha chakula kwa masafa yaleyale, kwa sababu maji huyameza. Nikakumbuka kuwa siku za mgao wa maji, tangi likiwa tupu, simu zangu zilikwenda afadhali. Nilikuwa nimeliona hilo na sikulipatia maelezo. Nilidhani ni siku tu za heri. Ruta yetu ilikuwa pia na masafa ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi, lakini hayo hushindwa na kuta mapema kuliko ya 2.4. Yalikuwa hayatoki hata nje ya mlango wa nyuma.

Kabla ya kijana huyo alikuwa amekuja fundi mmoja kwa malipo, akatuuzia ripita na kuichomeka ndani ya stoo, pale pale mezani. Taa zake zote ziliwaka kijani na simu yangu ikaonyesha alama zote za waifai, na sauti iliendelea kukatika. Ripita hurudia inachokisikia. Ikiwekwa mahali inaposikia -88, itakitangaza kwa sauti kubwa kile kilichokwishaharibika. Kijana aliihamishia dirishani jikoni, nusu ya njia, na mambo yakawa nafuu. Lakini ripita ya aina ile hupokea na kutuma kwa redio moja, kwenye chaneli moja, kwa zamu, hivyo karibu nusu ya uwezo hupotea na kila kipande huchelewa kidogo. Watoto wakifungua katuni sebuleni, mimi bandani naanza kuita watu wasionisikia. Sikuweza kuwakataza katuni kila jioni. Baba yao alikuwa kitandani, na furaha walizobakiwa nazo hazikuwa nyingi.

Viko vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Kwetu havikufaa, kwa kuwa banda lina mita yake ya umeme, Luku, kwa sababu ya mpangaji, na mawimbi hayo huchoka yanapovuka kutoka mita moja hadi nyingine.

Njia ya antena mbili niliifikiria sana. Moja inafungwa ukutani nyumba kubwa, nyingine ukutani bandani, zinatazamana, na zinavusha intaneti hewani hata kilomita kadhaa zikiwa zinaonana vizuri. Kwa mwenye uwanja ulio wazi, au shamba lenye nyumba mbili, sijui njia bora kuliko hiyo bila kuchimba. Kwetu kulikuwa na mwembe. Redio hairidhiki na kupenya kwa mstari mwembamba kati ya majani. Inataka nafasi tupu pande zote za mstari ule, na majani mabichi yamejaa maji, sembuse yakinyeshewa masika. Mama mkwe alinisikia nikizungumza na kijana. Mwembe ule aliupanda yeye alipokuja pale akiwa mwari, na embe zake ndizo zilizowalipia wanawe ada.

"Mwanangu," akaniambia, "kateni mti. Mti si mtu."

Niliinama nikamshika mikono. Sikuukata, na sikuwa nikifanya adabu tu. Mume wangu alikuwa akifanyia mazoezi ya kusimama chini ya kivuli kile, akishika tawi la chini kwa mkono mzima. Mti ulikuwa sehemu ya tiba yake.

Ukabaki waya. Waya wa mtandao wa shaba unabeba mawasiliano hadi mita 100 bila kusaidiwa, na sisi tulihitaji kama 50 ukihesabu kona na kupanda kuta. Hauoni simtanki, hauoni bati, hauhangaishwi na katuni. Kilichokosekana ni fedha, kwa kuwa mbali ya waya kulikuwa na bomba la kuupitishia, swichi, na kisambazaji kingine cha waifai cha kukaa bandani.

Hapa ndipo penye ushuhuda wangu hasa. Nilikuwa kwenye upatu na walimu wenzangu wa zamani, na jina langu lilikuwa mwisho wa orodha. Sikuwaomba. Kijumbe wetu alijua hali ya nyumbani kwangu, akaita kikao bila mimi, na jioni akaja na kitita chote kimefungwa kwenye leso. Mama aliyekuwa na zamu alikuwa amepanga kununua cherehani, akanipisha. "Wewe utangulie," ndiyo salamu aliyonitumia. Wako watu wanaosema upatu ni mambo ya wanawake ya kuzungushana vihela. Nyumba yangu ilisimama juu ya vihela hivyo.

Kijana alinisindikiza kununua waya. Boksi zima lina mita 305, lakini maduka hukata kwa mita. Aliomba kipande, akakwangua uzi mmoja kwa kisu. Juu ulikuwa mwekundu, ndani mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Tukatoka. Waya kama huo ni wa bei rahisi na mwepesi mkononi, hukatika ukipinda mara chache, na ukipitisha umeme wa kuendeshea kifaa upande wa pili unapata joto na kupunguza nguvu. Duka lingine tulikwangua, mwekundu hadi ndani. Tukachukua ule wa nje ya nyumba, wenye ganda jeusi linalostahimili jua na mafuta mazito ndani ya kuzuia maji. Upepo wa bahari ya Tanga hula chuma na shaba bila huruma, kwa hiyo viungio vyote tulivipanga vikae ndani ya nyumba, kusiwe na hata kimoja nje.

Shemeji alikuja na wanawe wawili kuchimba. Mfereji ulikuwa wa nusu mita kwenda chini, ukizunguka mizizi ya mwembe na kukaa mbali na waya wa umeme unaokwenda bandani, maana nyaya hizo mbili zikilala pamoja umeme huleta kelele kwenye mawasiliano, na siku ganda likichubuka ni hatari kwa mtu. Tukalaza bomba jeusi la maji, lile la kukunja, kona zote zikiwa za taratibu. Kabla ya kufukia, kijana alipitisha waya pamoja na kamba ya nailoni, akaiacha kamba ile humo ndani imelala bila kazi. Nilimuuliza ya nini. "Ya siku nyingine, madam." Ncha za bomba zilielekezwa chini ukutani ili mvua isiingie, zikazibwa kwa silikoni.

Mwanangu wa pili ndiye aliyezipanga nyuzi nane kabla ya kubanwa. Alikuwa amezikariri kwa sauti kama shairi la shule: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Baba yake alikuwa kwenye kiti chini ya mwembe, akimsikiliza. Mtoto aliporudia, baba akasema, taratibu, "buluu". Neno moja, limetoka zima. Wote tuliacha kazi. Mama mkwe akasema alhamdulillahi, akakaa chini kwenye udongo uliochimbuliwa.

Kompyuta yangu ya kazi tuliiunganisha kwa waya moja kwa moja. Kisambazaji cha bandani tulikizima kazi ya kugawa anwani, tukaiachia ruta ya sebuleni peke yake, kwa sababu vifaa viwili vikigawa anwani katika nyumba moja huleta vurugu ambayo ni shida kuigundua. Tukakipa chaneli tofauti pia. Katika masafa ya 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Sebuleni ikabaki 1, bandani ikawa 11. Safari ya pakiti kutoka mezani kwangu hadi kwenye ruta na kurudi ikawa chini ya milisekunde moja. Simu ya kwanza jioni ile ilikuwa ndefu na ngumu, na ilifika mwisho wake. Daktari aliaga, mgonjwa akashukuru, mimi nikaiona dakika ya mwisho ikihesabiwa. Mwezi uliofuata yale maonyo yalifutwa.

Yako mengine tuliyopitia ambayo nitayataja kwa kifupi. Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulikuwa mkali nchini, na waya uwe mzuri kiasi gani hauna maana kama ruta imezimika. Ruta nyingi hutumia volti 12 tu na umeme mdogo, hivyo betri ndogo kila upande ilitutosha. La muhimu ni kukumbuka kuwa pande zote mbili zinahitaji yake. Na Jumapili ya 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Uani kwangu kila taa ilikuwa kijani, na dunia haikupatikana. Siku kama hizo mtu hana la kufanya isipokuwa kuwaandikia waajiri mapema, kwa ujumbe wa simu ukibidi, na kusubiri.

Lakini la radi sitalipita haraka. Mvua za vuli mwaka huo zilikuja na ngurumo, na alasiri moja radi ilipiga mnazi wa jirani. Hakuna aliyeumia. Ruta ilikufa, swichi ikafa, na tundu la waya kwenye kompyuta yangu likaungua. Fundi aliyeitazama alitueleza jambo ambalo natamani kila mwenye banda alijue: nyumba kubwa ina nondo yake ya ethi ardhini, banda lina yake, na radi ikitua karibu, ardhi ya huku na ya kule hazibaki na umeme sawa hata kwa sekunde ndogo. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unakuwa njia ya tofauti hiyo kusawazishwa, kupitia vifaa vyako. Viko vizuizi vya kufunga kila upande, navyo husaidia. Ila kinachomaliza habari hiyo kabisa ni faiba, kwa sababu ni kioo, na kioo hakipitishi umeme.

Sikulia safari hii. Nilikuwa na akiba kidogo, na nilijua la kufanya. Tulinunua waya wa faiba uliokwishafungwa ncha zake kiwandani, na vigeuzi viwili, kimoja kila upande, vinavyogeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Kisha tukafungua bomba, na ile kamba ya nailoni ilikuwa humo, nzima. Tulifunga ncha ya faiba, shemeji akavuta kutoka bandani, mimi nikawa nalisha kutoka sebuleni nikiangalia isipinde kwa ukali. Hatukuchimba hata shimo moja. Nilikuwa hewani kabla ya zamu yangu kuanza, na hadi leo, masika na vuli, radi haijatugusa tena kwa njia hiyo.

Mume wangu sasa anatembea kwa fimbo na anazungumza, polepole, sentensi nzima. Asubuhi, kabla kazi yangu haijaanza, ofisi ni yake. Anafuata mazoezi ya matamshi kwa video, mlango umefungwa, hataki tumsikie mpaka amelipata neno. Deni nililokuwa nalo dukani nimelimaliza. Mama wa cherehani alipata zamu yake mzunguko uliofuata, na cherehani anayo.

Binti yake amefaulu mtihani wa ukalimani mwezi uliopita. Wao wanakaa Mikanjuni, banda lao liko mbali na nyumba kuliko letu na katikati kuna kuta mbili na tangi. Nimemwambia mama yake asinunue ripita. Kijana wangu, ambaye sasa ana kazi na gari lenye ngazi juu, amesema tupime kwanza, tununue bomba, na kamba tusiisahau. Shemeji atakuja na majembe. Tunaanza kuchimba Jumamosi.